Sauti ya Bata Bukini

Haya alinisimulia Edna Ackroyd mwenyewe, mwaka ule nilipokuwa natandika vitanda katika nyumba ya wazee ya Fernlea, kule Skelbeck, Uingereza. Ilikuwa Machi, theluji haijaisha mabondeni, mimi nakunja mashuka na yeye amekaa dirishani na blanketi magotini. Alinisimulia kidogo kidogo, leo kipande, kesho kipande, na kila mwenzake wa chumbani akiingia alinyamaza akatazama nje kama anayehesabu kondoo. Siku alipomaliza akaniambia, "Kwenu wasimulie. Hapa usimwambie mtu." Nami sasa niko kwetu.

Pale Skelbeck kila Jumatano alasiri watu wazima walikusanyika ukumbini mwa kanisa kucheza herufi. Mchezo wenyewe ni ubao na mfuko. Unatia mkono mfukoni, unatoa vipande vya herufi, unavipanga mbele yako ukivificha kama karata, kisha unatafuta neno la kuliweka ubaoni. Herufi inayosumbua kuliko zote ni Q. Kwa Kiingereza Q haitoki nyumbani bila U, kama bi harusi na kungwi wake. Ukiipata hiyo Q na U huna, umekwama nayo mpaka mchezo uishe, na pointi zake unakatwa wewe. Isipokuwa uwe unajua yale maneno machache ambayo Q hutembea peke yake. Qadi. Faqir. Talaq. Qibla. Ni maneno waliyoyaokota kwa Waarabu kama tulivyoyaokota sisi, ila sisi tunaishi nayo na wao wameyaweka kabatini pamoja na sahani za wageni. Jumatano ndiyo siku ya kuyatoa.

Mwalimu aliyeanzisha chama kile, marehemu siku nyingi, hakupenda watu wanaokariri herufi bila kujua zinasema nini. Aliwaambia neno usilolijua maana ni mali ya wizi. Basi akaacha kengele ya shaba katikati ya meza. Mtu akiweka neno, yeyote mezani aweza kuigonga, kila mtu mara moja tu kwa alasiri nzima, na aliyeliweka lazima aseme maana yake kwa sauti, watu wote wasikie. Akishindwa, herufi zake zinaondolewa na zamu imempita. Bwana Horsfall, katibu, ndiye aliyeshika kamusi.

Hiyo ni sheria. Juu ya sheria wakajiwekea desturi, haikuandikwa popote lakini ilishikwa kuliko sheria: uliyekunywa chai yake leo humpigii kengele. Ndiyo maana Jumatano asubuhi Skelbeck nzima ilikuwa inakaribishana chai. Hata mahasimu walipitiana majumbani mwao kupiga funda moja, ili alasiri wawe salama.

Edna alikuwa bingwa wa maneno ya Q. Alianza kuyapenda kwa ajili ya mumewe Arnold, ambaye ujanani alikuwa askari Aden, kule Uarabuni, akarudi na maneno mengi kuliko nguo. Lililompendeza zaidi lilikuwa waqf. Arnold alimwambia kwamba huko kulikuwa na mlango wa mbao uliochongwa, kando ya mahali wapita njia wanapokunywa maji, naye akamuuliza mzee mmoja unauzwaje. Mzee akacheka. Akamwambia mlango huu na maji haya na nyumba yote hii ni waqf. Aliyekuwa mwenyewe alimpa Mungu, na alichopewa Mungu hakiuzwi wala hakirithiwi, hata wajukuu zake wafe kwa njaa. Arnold alipokuwa anakaribia kufa, akiwa kitandani katika nyumba yao ya mawe pale mtaani, alimshika Edna mkono akamwambia kwamba nyumba hii kwake ni waqf, isiuzwe, wala yeye Edna asitolewe humo akiwa hai. Edna akamwahidi.

Sasa uzee ukamjia. Aliacha sufuria jikoni ikaungua mpaka majirani wakaona moshi. Akaenda dukani na ndara za chumbani. Kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mjukuu wake akamwita kwa jina la mbwa waliyekuwa naye zamani, watu wakacheka, mjukuu hakucheka. Binti yake Glenys, aliyekuwa akiishi Leeds na akija Jumapili kwa Jumapili, akaanza kuitaja Fernlea. Hakuwa mtoto mbaya, Edna mwenyewe alilisema hilo. Alikuwa anaogopa tu kuamshwa na simu ya zimamoto.

Walibishana wiki nyingi, mwisho wakapatana jambo moja. Glenys angekuja Jumatano ya mwisho ya Novemba akae ukumbini atazame. Kama mama yake atacheza mchezo mzima, akaeleza maana za maneno yake kama wengine, basi abaki nyumbani kwake na habari ya Fernlea isitajwe tena mpaka mwenyewe aiseme. Akishindwa, aende.

"Usiniangalie kama mama yako," Edna alimwambia. "Niangalie kama hakimu."

"Sawa, mama," Glenys akajibu. "Lakini nikiwa hakimu usininunie."

Jirani wa Edna, ukuta kwa ukuta, alikuwa Marjorie Sutcliffe. Wameolewa mwaka mmoja, wamezaa mwaka mmoja, wamefiwa na waume kwa kupishana kidogo. Kati ya nyua zao palikuwa na ukuta mfupi wa mawe, na juu ya ukuta ule zimepita sahani za keki na siri za miaka. Marjorie naye alicheza herufi, ila siku zote alikuwa wa pili kwa Edna. Alilisema mwenyewe kwa kicheko kwamba amezaliwa kuwa wa pili, hata kwao alikuwa pacha aliyechelewa.

Edna akamweleza yale mapatano. Marjorie akamwambia, shoga, wewe njoo ukutani kila asubuhi nikusikilize maneno yako, mimi nakutajia na wewe unanipa maana. Edna akashukuru mpaka machozi yakamtoka. Basi kila asubuhi, mmoja anamenya viazi upande huu, mwingine anaanika nguo upande ule, wakawa wanasomeshana kama watoto wa chuoni. Qadi? Hakimu wa Waislamu. Faqir? Maskini wa Mungu. Talaq? Mume anamwacha mkewe. Yote Edna aliyapata, na kila alipopata Marjorie alimpigia makofi kwa mikono yenye vibanio vya nguo.

Siku ya waqf Edna alijibu upesi. Mali iliyotolewa kwa Mungu, haiuzwi.

Marjorie akamtazama kwa huruma, akaweka nguo chini.

"Hapana, shoga," akamwambia. "Unachanganya. Hiyo ni sauti ya bata bukini anaporuka."

Edna akamwambia haiwezekani, neno hili amepewa na Arnold. Marjorie akamwuliza Arnold alikwambia lini. Edna akaeleza habari ya mlango na maji. Marjorie akasema mlango upo, maji yapo, anakumbuka hata yeye Arnold akivisimulia, lakini neno la mlango lilikuwa jingine, halikuwa hilo. Kisha akamwambia kwa upole kwamba ndivyo ugonjwa huu unavyoanza, unachukua shati la huyu unamvika yule. Lakini asiwe na hofu, ndiyo maana wako pale ukutani.

Edna aliingia ndani akakaa jikoni. Kamusi ndani ya nyumba alikuwa nayo, ya Arnold, ya herufi ndogo, na macho yake yalikuwa yamekwisha kuiacha siku nyingi. Miwani ya kukuzia alikuwa ameiweka mahali, na mahali penyewe hapakumbuki. Kumpigia Glenys simu amuulize maana ya neno, hiyo ingekuwa sawa na kujipeleka Fernlea kwa miguu yake. Akaulizana na nafsi yake. Aliyemwita mjukuu kwa jina la mbwa ni nani? Aliyechoma sufuria ni nani? Basi mtu kama huyo atamkatalia Marjorie vipi, ambaye hajawahi kuchoma hata mkate? Akaikubali sauti ya bata bukini. Kila asubuhi Marjorie alimuuliza waqf kwanza kabla ya mengine yote, naye akajibu, sauti ya bata bukini anaporuka, na makofi yakapigwa. Jambo lililomuumiza, aliniambia, halikuwa neno. Ilikuwa ni kwamba Arnold alianza kufutika. Alipomkumbuka amesimama mbele ya mlango ule, hakujua tena kama mlango ulikuwepo.

Marjorie alikuwa na lake, ambalo Edna alikuja kulijua baadaye. Mwanawe alikuwa amekwisha kumwandikisha Fernlea. Angehamia baada ya Krismasi, hakuwa na la kusema, nyumba ilikuwa ya mwana. Hakumwambia mtu. Alikuwa ameletwa kuonyeshwa chumba, akaona vitanda viwili, kimoja ni chake na kingine ni cha yeyote atakayekuja. Akaangalia kile kitanda cha pili.

Jumatano ya mwisho ya Novemba ikafika. Asubuhi Edna alipika chai akaipitisha juu ya ukuta kama kawaida, yenye maziwa mengi, na kipande cha keki ya tangawizi. Marjorie akaishika ile sahani, akaiangalia, akairudisha juu ya ukuta. Akasema tumbo lake leo si zuri. Edna akamwambia basi angalau ipoe upige funda. Marjorie akasema hapana, mpenzi, leo niache.

Edna aliimwaga ile chai kwenye mfereji. Hata mtoto wa Skelbeck angeshtuka. Mtu hakatai chai Jumatano asubuhi bila sababu. Lakini yeye kichwani mwake kulikuwa na Glenys na bata bukini na miwani iliyopotea, na kwa Marjorie hakuwahi kuweka ulinzi. Nani anaweka kufuli mlango wa ndani?

Ukumbini Glenys alikaa karibu na jiko la mafuta, na koti lake hajalivua. Edna alicheza vizuri. Aliweka qadi, mtu mmoja akagonga kengele kwa kumjaribu tu, akaeleza moja kwa moja, Bwana Horsfall akaitikia kwa kichwa. Glenys akavua koti. Edna aliliona hilo koti linavuliwa, akaona kwamba nyumba yake inarudi.

Mchezo unaelekea ukingoni akatoa Q nyingine, maana kwenye ubao wao wa chama walikuwa wameongeza vipande. Mkononi alikuwa na W, na A, na F. Akazipanga ubaoni taratibu, moja moja, na watu wakanong'ona kwa sababu zilikaa mahali pa pointi nyingi. Alikuwa ameshinda.

Kengele ikagongwa. Edna alidhani ni mzaha wa mtu mwingine mezani. Alipoinua macho mkono uliokuwa juu ya kengele ulikuwa wa Marjorie.

Mwanamke mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama leo hawakunywa chai. Marjorie akasema hakunywa, muulizeni mwenyewe. Wote wakamtazama Edna, na Edna akakumbuka sahani ikirudi juu ya ukuta. Hata hapo hakuelewa. Alijiambia kwamba shoga yake amegonga makusudi ili amsaidie, ampe neno wanalolijua wote wawili, Glenys asikie. Akamtabasamia. Akajinyoosha akasema kwa sauti wazi, kama alivyofundishwa:

"Ni sauti ya bata bukini anaporuka."

Kicheko kilianzia nyuma. Watu wa Skelbeck si wakatili, lakini jambo la kuchekesha likija wanacheka kwanza halafu ndio wanaona haya. Mzee mmoja akalia kama bata, mwenzake akamjibu. Bwana Horsfall hakucheka. Alifungua kamusi, akasafisha koo, akasoma: mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu au ya watu, isiyoweza kuuzwa wala kurithiwa.

Edna alisema wakati ule alifurahi. Ndiyo, kwa muda mdogo sana alifurahi kuliko siku zote za mwaka ule, kwa sababu Arnold alirudi akasimama mbele ya mlango wake na mlango ulikuwepo. Kisha akageuka kumwangalia Marjorie. Marjorie alikuwa anapanga vipande vyake.

"Wewe ndiye uliyenifundisha," Edna akasema. "Mimi nilijua. Wewe ukaniambia nakosea."

"Mimi, shoga?" Marjorie alisema taratibu, na akamshika mkono juu ya meza. "Tangu lini?"

Edna aliuvuta mkono wake. Vipande vikamwagika. Akasema tena kwa sauti ya juu zaidi, akamwambia kila mtu habari ya ukuta na vibanio vya nguo na sahani, na kadiri alivyosema ndivyo nyuso zilivyozidi kumhurumia. Alimgeukia Glenys. Glenys alikuwa anavaa koti. Daktari alikuwa amemwambia binti yule kwamba siku mzee atakapoanza kuwatuhumu watu wa karibu yake, hapo asingoje tena. Alikuja akamshika mama yake mabega kwa nyuma, akamwambia twende nyumbani, na Edna alijua kwa namna alivyosema nyumbani kwamba neno hilo nalo limebadilika maana.

Marjorie alihamia Fernlea Januari. Edna akaletwa Februari. Chumba kilikuwa kile cha vitanda viwili, kwa maana Marjorie alikuwa amemwomba msimamizi asimpe mtu mwingine. Edna alipoingia na sanduku lake alikuta ubao wa herufi umekwisha kutandikwa mezani, vipande viko mfukoni, na vikombe viwili vya chai vinatoa moshi. Marjorie alisimama na mikono imefunguliwa, uso umejaa furaha na hofu.

Edna aliniambia kwamba njiani, garini mwa Glenys, alikuwa ametayarisha matusi. Matusi mazuri, mengine ya zamani. Alipouona ule uso akayaacha yote. Aliona kitu kingine bora.

"Samahani, mama," alisema. "Tunafahamiana?"

Marjorie alidhani ni mzaha. Kisha akadhani ni hasira. Baada ya siku kadhaa hakujua cha kudhani. Edna aliwakumbuka wote. Aliwaita wauguzi kwa majina, aliuliza habari za watoto wao, alicheza herufi sebuleni na wazee wa chumba cha pili akawashinda vibaya. Ila Marjorie akija kukaa naye mezani, alimpisha kiti kwa adabu, kama unavyompisha mgeni kwenye kituo cha basi. Kila asubuhi alimuuliza jina lake. Kila asubuhi alisema ni jina zuri.

Marjorie alimletea picha ya harusi, wote wawili wamo. Edna akauliza huyu mrembo ni nani. Marjorie alimsimulia mtoto wake wa kwanza, aliyekufa, ambaye Edna ndiye aliyemwosha. Edna akampa pole kama anayeisikia habari hiyo mara ya kwanza. Hapo nilikuwepo, natia foronya, na nilimwona Marjorie akienda kusimama chooni na mlango umefungwa kwa muda mrefu. Wauguzi walimwambia ndivyo ugonjwa ulivyo, huchukua huyu ukamwacha yule, asijilaumu.

Kila siku baada ya chakula cha mchana Marjorie alimimina chai, akaweka kikombe cha Edna dirishani. Kila siku chai ilipoa pale pale, ikafanya utando, nami nikaenda kuimwaga.

Mwishoni mwa Machi, saa ya kulala mchana, mapazia yamevutwa nusu na jua jembamba liko ukutani, Marjorie alikaa kwenye ukingo wa kitanda chake na viatu bado mguuni. Alisema alikuwa na rafiki. Alisema alimfundisha rafiki yule jambo la uongo kwa makusudi, akamfedhehesha mbele ya watu na mbele ya mtoto wake, akamtoa katika nyumba aliyoachiwa na mumewe. Alifanya hivyo kwa sababu aliogopa kufa chumba kimoja na mtu asiyemjua.

Edna alikuwa amelala chali, blanketi kifuani. Akamsikiliza mpaka mwisho.

"Maskini," akamwambia. "Na huyo rafiki yako alikusamehe?"

"Sijui," Marjorie akasema. "Sijui hata kama anajua."

"Muulize siku akija kukuona."

Marjorie akavua viatu, akavipanga pamoja chini ya kitanda, akalala akiuelekea ukuta. Mabega yalitikisika, yakatulia, yakatikisika tena. Baadaye pumzi ikawa ndefu, ya mtu aliyelala.

Edna aligeuza shingo akakitazama kikombe dirishani. Aliniambia kesho yake kwamba kuna kitu kimoja anachokiogopa. Sufuria ilikuwa kweli, na ndara, na jina la mbwa. Iko siku atasahau kweli, atanyoosha mkono kama mtu yeyote mwenye kiu, na atainywa chai ile. Alitaka siku hiyo ichelewe.

Kwa sauti isiyoweza kumwamsha mtu akamwambia Arnold maana ya neno lake, yote, toka mlango mpaka maji. Akarudia mara nyingine kuhakikisha haijapungua. Halafu akafumba macho, na kikombe kikiendelea kupoa, akalala.